Lubumbashi: Mkebe unazidi kuwa mwepesi, muokotaji anazidi kuinama

Lubumbashi ni mji wa shaba, na wakaaji wake wanajua tangu zamani kwamba madini yanauzwa kwa mzani. Lakini kuna madini mengine wanayoyashika kila siku bila kuyafikiria: aluminiumu ya mikebe ya bia na soda, pamoja na ile inayovushwa mpakani Kasumbalesa.

Umbo la mkebe si pambo. Kitako chake kimepinda kuelekea ndani kama upinde wa daraja, ili bati jembamba lihimili nguvu ya gesi. Shingo imebanwa kwa sababu kifuniko ni kinene kuliko ubavu. Kikiwa kidogo, madini yanapungua. Ubavu wenyewe una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimeta. Ndiyo maana mkebe wa miaka ya 1970 ulikuwa na karibu gramu 20, lakini wa leo una karibu gramu 13.

Viwanda vimepata faida, na si vibaya. Lakini kijana wa Katuba au wa Kenya anayeokota mikebe na kuwauzia mafundi wa sufuria analipwa kwa kilo. Kwa mikebe ya zamani, 50 ingetosha kilo moja. Leo anainama zaidi ya mara 75. Fundi naye anapata hasara, kwani bati jembamba likitiwa kwenye moto wa wazi, sehemu yake inaungua na kubaki uchafu.

Ukubwa pia una maana. Mikebe miwili ya mililita 250 inakula karibu robo zaidi ya bati kuliko mmoja wa mililita 500 wenye umbo lilelile.

Dawa inajulikana katika kila baa ya mji. Chupa tupu ya Simba haitupwi ovyo, kwa sababu inarudishwa kwenye kreti na ina bei yake. Serikali ya jimbo inapaswa kuwadai waagizaji na wauzaji waweke dhamana ndogo kwa kila mkebe, irudishwe kwa yeyote anayeuleta. Kuyeyusha aluminiumu iliyotumika kunahitaji karibu asilimia 5 tu ya nguvu inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye udongo wake. Faida hiyo ipo. Muokotaji alipwe kwa hesabu ya mikebe, si kwa uzito ambao viwanda vinaendelea kuupunguza.