Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Majuzi nilikuwa Ndungu, wilayani Same. Jioni wasichana walikuwa wakicheza mpira wa wavu karibu na mashamba ya mpunga. Mzee mmoja aliyekuwa akiwatazama alitikisa kichwa, akasema: "Mchezo huu una faida gani kwa mtoto wa kike? Wenzetu wa Kenya wamepeleka mabinti zao Olimpiki mara nne, na mara zote wamerudi mikono mitupu."

Hesabu ya mzee ni sahihi. Timu ya taifa ya wanawake ya Kenya ilikwenda Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Ilicheza michezo 18, ikashindwa yote. Tokyo na Paris haikupata hata seti moja.

Hata hivyo, mabinti hao hao walikuwa wamekwisha twaa ubingwa wa Afrika mara 10, mara ya kumi ikiwa Yaoundé mwaka 2023, walipoishinda Misri. Basi tusiwapime kwa kipimo kimoja.

Tena tukumbuke Wajapani, ambao msaada wao ulijenga mifereji ya skimu ya Ndungu. Mchezo huu ulipoingizwa katika Olimpiki mwaka 1964, wanawake wa Japani ndio walioshinda dhahabu. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo, na walifanya mazoezi hadi usiku mwingi baada ya kazi. Ushindi ule ulitokana na muda na mwalimu. Mkulima wa Ndungu analijua jambo hili: mpunga haustawi kabla mfereji haujachimbwa.

Je, binti zetu tunawapa muda huo? Atokapo shule, binti huteka maji, huamia ndege shambani, kisha huingia jikoni. Kaka yake yuko kiwanjani. Halafu timu ya wanawake inapofungwa, sisi ndio wa kwanza kucheka.

Wazazi wenzangu, kazi za nyumbani ni za watoto wote. Wiki hii mwachieni binti walau jioni mbili za kucheza, na ndoo ashike kaka yake. Akishindwa uwanjani, msimcheke. Mwulizeni amejifunza nini, kisha mruhusuni arudi tena kesho.