Wasomi wa kompyuta, shukeni Gerezani

Na Salum Kitwana

Wanafunzi wanaokutana vyuoni kusoma kuhusu kompyuta iliyoenea kila mahali hawawezi kumkwepa Mark Weiser. Mwaka 1991, mtafiti huyu wa Xerox huko Marekani aliandika katika jarida la Scientific American kwamba teknolojia iliyokomaa hujichanganya na maisha ya kila siku hadi mtu anaitumia bila kuiwazia. Ni somo zuri, ila naomba kikao kijacho kifanyike Gerezani, jijini Dar es Salaam.

Shukeni mwendokasi kituo cha mwisho, mwingie maduka ya spea. Kwenye kaunta pamebandikwa lipa namba ya kulipia kwa simu, pembeni mashine ya EFD inatema risiti ya TRA, ukutani mita ya umeme ya LUKU inahesabu uniti. Mteja ameshapatana bei ya beringi, analipa kwa kitochi. Muuzaji anasubiri meseji iingie ndipo atoe mzigo. Waulize wote wawili kama wanatumia kompyuta, watakushangaa. Hapo Weiser angetabasamu.

Sasa subirini mtandao usumbue. Mteja pesa yake imeshakatwa, muuzaji meseji hajaiona. Huyu anaapa amelipa, yule ameshalizwa na meseji feki, hatoi kitu. Mteja hana hela nyingine, na gari lake liko juu ya jeki kwa fundi. Mwenye mfumo hayupo kwenye ugomvi huo, na hasara haimgusi.

Si malipo ya dukani tu. Mei 2021 mfumo wa kununua umeme wa LUKU uligoma kwa siku kadhaa. Watu walipanga foleni ofisi za TANESCO wakitafuta zile namba 20 za kuingiza kwenye mita. Fundi wa kuchomelea aliyeishiwa uniti siku zile alikaa bure, na hakuna aliyemfidia.

Hilo ndilo la kujadili. Mfumo ukijificha sawasawa, hata wa kumlalamikia naye hupotea.

Wa chuo cha DIT mnaweza kuja kwa miguu. Wa Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, pandeni daladala. Nanyi walimu, msitoe alama kwa mradi uliojaribiwa maabara yenye jenereta tu. Muulizeni mwanafunzi: mtandao ukikatika saa sita mchana Gerezani, hasara ni ya nani? Asiye na jibu, arudie mradi.