Brady, chagua kiti kimoja

Wasee, Tom Brady uwanjani alikuwa moto. Timu za NFL zikigawana vijana mwaka wa 2000, aliitwa wa 199. Huyo kwotabeki akaishia kubeba Super Bowl 7: sita na Patriots, moja na Tampa Bay. Hapo namvulia kofia.

Lakini hii ya sasa, zii. Mwaka wa 2024 alianza kuchambua mechi kwenye runinga ya Fox, na Oktoba hiyo akakubaliwa kununua hisa za Raiders. Yaani analipwa kutuchambulia wapinzani wake! Mwanzoni ligi ilimfungia mikutano ambayo makocha huwaeleza watangazaji mipango yao. 2025 ikalegeza, mradi ahudhurie kwa mtandao. Septemba, mechi ya Raiders ikiendelea, tukamwona kibandani na makocha wao, hedifoni masikioni. Ligi ikasema hakuna sheria inayokataza. Basi sheria ndiyo mbovu.

Msiniletee Tony Romo. Alitoka Cowboys akaingia CBS 2017, sawa, lakini hana timu mfukoni.

Halafu mmiliki haruhusiwi kuwaponda marefa hadharani. Sasa refa akiboronga, mchambuzi wetu atameza mate?