Vuli Yetu Haina Majani Mekundu

Leo nina neno, na najua litawachoma baadhi yenu, hasa walio katika kamati ya uhariri. Mnisamehe mapema.

Hebu tazameni jalada la gazeti letu la mwaka jana. Pale kuna nini? Kuna barabara nyembamba yenye miti pande zote mbili, na majani mekundu na ya manjano yametapakaa chini. Ni picha nzuri ajabu, sikatai. Lakini barabara hiyo haiko Kisumu, haiko Kenya, wala hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Ilinakiliwa kutoka kalenda ya ukutani. Kisa na maana? Ati kwa sababu makala ya kwanza ilihusu vuli!

Mimi nilicheka, kisha nikaona haya. Ni kweli kwamba ukitafuta katika kamusi jina la yale majira ya Ulaya ya majani kupukutika, utapewa neno vuli. Lakini vuli yetu sisi ni mvua, ile mvua ndogo ya kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati huo mkulima wa uwanda wa Kano ana jembe mkononi na mbegu mfukoni. Sisi tukachukua majani yanayokufa ya watu wengine tukayabandika juu ya makala ya mvua ya kupandia. Tena ni Chama cha Kiswahili, jamani!

Na nani aliyesema kwamba kwetu hakuna kinachoanguka? Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, nakaa hapa Milimani. Msidhani nakaa katika zile nyumba kubwa. La hasha! Nakaa vyumba vya nyuma, mahali ambapo mama anafanya kazi. Ifikapo Oktoba, mjakaranda ulio karibu na lango letu humwaga maua hadi barabara yote ikawa zambarau. Mti huo ni mgeni, asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini umekaa hapa hata umekuwa mwenyeji. Saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla bawabu hajashika ufagio, hakuna gurudumu lililopita juu ya zulia lile. Kufikia saa mbili limefagiwa, kwisha. Jioni nako mawingu hurundikana upande wa milima ya Nandi, meusi tititi, huku upande wa ziwa jua bado linawaka. Mtu anayetaka kalenda na aje asimame hapo.

Jambo lililonifanya nishike kalamu, hata hivyo, si maua. Nyanya yangu anaishi Dunga. Ukutani kwake pana picha ambayo babu, aliyekuwa mpiga picha wa harusi na pasipoti, aliipiga mwaka 1994. Baba yangu, mtoto wa miaka minane, amesimama juu ya jiwe ufuoni, na nyuma yake nyavu zimeanikwa. Mwezi uliopita nilimwomba nyanya anionyeshe jiwe hilo. Akanipeleka, akanyoosha kidole majini. "Nyakwara," akaniambia, "liko pale chini." Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, likameza ufuo na kuwatoa watu majumbani. Mwaka 2024 likapanda tena. Babu hakupiga picha ile kwa ajili ya historia. Alikuwa amebakiwa na picha moja katika filamu na hakutaka ipotee bure! Leo hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya ufuo ule.

Basi nije kwenye kamera, kwa maana najua mweka hazina ananingojea hapo. Chama kina shilingi 15,000 za kununulia kamera, na mabishano yamekuwa makali kuliko ya bungeni. Wako wanaotaka tutumie kamera ya filamu aliyoiacha babu, kwa kuwa ni ya bure. Wako wanaotaka simu mpya yenye pikseli milioni 50. Mimi nataka kamera ya dijitali ya mtumba yenye lenzi ya kubadilisha.

Kamera ya babu ni Pentax K1000, aina iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Chuma kitupu! Betri yake ni ya kupimia mwanga tu, ikiisha kamera bado inapiga. Naipenda mno. Lakini filamu moja ni picha 36, na nilipozunguka studio nne mjini kutafuta wa kuisafisha, zote zilinijibu kwamba mashine ilikwisha kuuzwa. Moja walinicheka waziwazi. Mwanafunzi anayejifunza anahitaji kuona kosa lake papo hapo, si baada ya mwezi mzima filamu ikitoka Nairobi.

Simu nayo, mgala muue na haki yake mpe. Iko mfukoni wakati wote, na picha nyingi nzuri hupatikana kwa sababu hiyo tu. Ila hizo pikseli milioni 50 zisiwababaishe. Simu nyingi za namna hiyo huunganisha nukta nne kuwa moja, ukabaki na picha ya milioni 12 na kitu. Kisha lenzi yake hutazama upana mno. Nililipiga jua likizama kwa simu ya mama, likatoka dogo kama punje ya mtama. Nikavuta karibu, likawa uji. Na tusisahau kwamba sheria ya shule hairuhusu simu. Tukiinunua itakaa ofisini kwa mwalimu, na kila Oktoba tutakuwa tukiandika barua za kuiomba!

Sasa pigeni hesabu nami. Gazeti letu ni nusu ya karatasi ya A4, yaani sentimita 21 kwa 15 hivi. Kamera kama Nikon D40, iliyotoka mwaka 2006, ina pikseli milioni 6 tu, na hizo zinatosha kuchapa vizuri picha ya sentimita 25 kwa 17. Jalada limeenea na chenji imebaki! Nimeiona moja mjini, pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, na haizidi pesa zetu. Anayeenda kununua akague betri kama inashika chaji, na asiuziwe lenzi ya zamani akidhani itajilenga yenyewe, maana D40 haina mota ya kuizungusha. Wanaodharau mtumba wakumbuke Mohamed Amin, Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Alianza utotoni kwa kikamera cha Box Brownie kilichokwisha kutumiwa na wengine.

Lakini hata hiyo D40 haitatusaidia tukienda kama nilivyoenda mimi. Jumamosi moja niliazima kamera ya jirani, nikatoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, nikapanda tuktuk mbio mbio hadi Hippo Point. Hapa kwetu ni ikweta, bwana. Jua halichelewi, linashuka wima kama jiwe kisimani. Nilipokuwa bado nafungua kifuniko cha lenzi, lilikwisha kuzama. Mvuvi mmoja aliyekuwa akifunga mtumbwi wake akaniangalia, akasema, "Omera, kesho uje saa kumi, ukae."

Nikaja saa kumi, nikakaa. Kati ya picha 61 nilizopiga, mbili zinafaa.

Kwa hiyo naiomba kamati inunue kamera hiyo kabla ya Oktoba, na mwalimu mlezi aturuhusu tutoke Jumamosi moja saa kumi na mbili asubuhi. Tuanzie chini ya mjakaranda wetu, kisha tushuke kwa miguu hadi Dunga. Bawabu nimekwisha zungumza naye. Amekubali siku hiyo asifagie mpaka tufike.