Ukitunga Kabila, Anza na Maneno Yake

Katika hadithi na tamthilia ambazo sisi wanafunzi tunaziandika, kuna tukio moja linalojirudia mpaka limechosha. Mwandishi anabuni kabila, analipa jina lenye mlio wa Kibantu, kisha anampeleka kijana porini. Ngoma zinalia usiku, kinyago kinatokea, mzee anainua kisu, kijana anauma meno, na asubuhi anarudi kijijini akiwa mwanamume. Kurasa tatu, kazi imekwisha. Msomaji anaendelea mbele bila kuamini kwamba kuna mtu yeyote aliyepevuka.

Hoja yangu ni hii: ibada ya namna hiyo haisadikiki kwa sababu imejengwa kwa vitu vya kutazamwa tu, wakati kazi kubwa ya ibada ya kupevuka ni kubadilisha nani anaweza kumwambia nani nini. Sisi tunaosoma isimu ya lugha za Kiafrika tuna vifaa vya kuibuni vizuri, ila tukitoka darasani tunaviacha juu ya dawati.

Tuanze na majirani. Mwaka 1931 Audrey Richards alishuhudia chisungu, ibada ya wasichana wa Kibemba, ng'ambo ya mpaka wetu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1956. Ibada ile ilichukua siku 23. Wanawake walimweleza kwamba wanawafunda wasichana. Lakini Richards aliona kwamba wasichana wale walijua tayari kulima, kupika na kuokota uyoga. Wamezifanya kazi hizo tangu utotoni. Walichopewa ni namna ya kuzitazama kazi zile kama wajibu wa mke, pamoja na vijisanamu vya udongo viitwavyo mbusa, nyimbo zake, na maneno ya siri ambayo wanawake huelewana kwayo. Asiyefundwa angeweza kuusikia wimbo ule ule na kuondoka na maana ya juu juu tu. Jembe lilikuwa mkononi mwake zamani. Haki ya kuelewa ndiyo iliyokuwa mpya.

Twende kwa Wandembu, kaskazini-magharibi ya Zambia. Victor Turner aliandika kwamba mahali wavulana wanapotahiriwa katika mukanda huitwa ifwilu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulichambua neno hilo: mzizi -fw-, ndugu wa kufa kwetu, kisha -il- ya kutendea, ile inayotupa kufia. Ni mahali pa kufia. Mama anayebaki nyuma anajua mwanawe amepelekwa wapi, kwani lugha imemwambia. Silabi tatu hizo zinatisha kuliko kurasa tatu za damu.

Kutokana na mifano hii ninapendekeza maswali matatu kwa yeyote anayebuni ibada.

La kwanza: ni neno gani linabadilika? Jina la mtu, namna ya kumwita mama, salamu kwa shemeji, neno ambalo jana lilikuwa mwiko. Kama kijana anarudi kutoka porini na kila mtu anazungumza naye kama juzi, basi alikwenda kutembea tu.

La pili: nani anagharimika? Katika mukanda wavulana hukaa kambini mwezi mmoja hadi mitatu, na kambi hufunguliwa mwanzoni mwa kiangazi. Makishi ya mukanda tunayajua, hata UNESCO iliyatangaza mwaka 2005 kuwa turathi ya binadamu. Lakini nyuma ya makishi kuna chungu kinachopikwa kila siku. Hadithi zetu zinakionyesha kinyago na kumsahau mpishi.

La tatu: ni kitu gani hakikubaliani na maelezo yake? Wandembu walimwambia Turner kwamba mti wa mudyi, wenye utomvu mweupe, ni maziwa ya mama, na ndio umoja wa mama na binti. Hata hivyo, katika ibada ya msichana iliyofanywa penye mti ule ule, aliona wanawake wakiwadhihaki wanaume, na mama mzazi akitengwa na kundi la wanawake wanaomzunguka binti yake. Ibada ya kweli ina mshono unaovuta. Ibada za hadithi zetu zina mzee anayefafanua kila kitu, kama mwalimu mbele ya ubao.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito? Mimi ni wa Kipushi. Katika kambi za wafanyakazi wa mgodi walikutana watu wa makabila mengi, kila mmoja na ibada yake aliyoiacha kwao au kuifupisha. Kwa kizazi cha babu zetu, kijana alipevuka siku alipoandikwa kazini na kuanza kupokea posho yake mwenyewe. Mwaka 1993 mgodi ulisimama, na uzalishaji haukuanza tena mpaka 2024. Katika miaka hiyo yote wapo wanaume waliofika umri wa kuwa baba na bado wanaambiwa nyumbani, “Uko mutoto bado,” kwa sababu hakukuwa na siku ya kuwaondolea neno hilo. Watu hawakukaa bure lakini. Tazameni matokeo ya Exetat yanapotoka: kijana anamwagiwa poda nyeupe kichwani, na mtaa mzima unampigia vigelegele. Sidai kwamba poda ile imetokana na pemba, udongo mweupe wa ibada za wazee. Ninasema tu kwamba tunapomwona mtu amepakwa weupe, hatuhitaji kuelezwa kwamba amevuka. Anayebuni ibada anashughulika na haja hii, na akiifanya mapambo anatudharau sisi sote.

Najua pingamizi litakalokuja. Kwa nini kubuni, wakati zipo za kweli? Jibu langu ni kwamba za kweli zina wenyewe. Aliyepita mukanda alikabidhiwa siri, na mwandishi anayeiuza siri hiyo kwa kisingizio cha fasihi anavunja ahadi ya mtu mwingine. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: kuzua mateso na kuwabandika Wachokwe au Walamba, ambao watayakuta kitabuni kama desturi yao. Kubuni kwa uaminifu ndiyo njia iliyobaki safi.

Natoa jaribio, ili nisiwe mkosoaji mtupu. Tuwaite Bena Kalusesa, watu ambao hawapo. Mtoto wao akifikisha umri, wa kike au wa kiume, ananyang'anywa jina la utotoni. Tangu mvua ya kwanza hadi mavuno hana jina. Anaitwa mgeni, hata nyumbani kwao. Mama akiteleza akamwita jina la zamani, anamlipa shangazi kuku mmoja. Akina mama huteleza sana, na msimu huo mashangazi hula vizuri. Mavuno yakifika, mtoto anapewa jina jipya na neno moja, neno la moto, ambalo watoto hawalijui. Jioni hiyo anamwagiza mdogo wake alete moto, kwa neno hilo. Mdogo wake hamwelewi. Anakwenda kumwuliza mama, na mama, anayelijua, ananyamaza.

Hakuna kisu wala kinyago, lakini ndugu wawili waliolala mkeka mmoja wametenganishwa kwa neno moja.

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo. Wa mofolojia na wa fasihi watupe zoezi moja la pamoja: tubuni ibada, na kabla ya kuandika hadithi tuwasilishe orodha ya maneno yake, nani anaruhusiwa kuyatamka, na mbele ya nani. Orodha hiyo ikisimama, ngoma zinaweza kuja baadaye.