Sauti Ipite Kwanza, Bosi Asubiri

Wadau, leo nina hasira, mtanivumilia.

Juzi nilikuwa naongea na mkulima mmoja wa korosho kwa simu ya mezani hapa ofisini, zile zinazopita kwenye intaneti. Nikamuuliza kuhusu pesa zao. Nikasikia: "Tutalipwa msimu huu." Nikaandika. Bahati nzuri nilimpigia tena kwa simu yangu ya mkononi kuhakiki. Kumbe alisema "hatutalipwa"!

Silabi moja imeliwa, habari nzima imegeuka. Kiswahili chetu ndivyo kilivyo, kwenye neno kama hilo ukanushi wote umebebwa na ka-"ha" kadogo pale mwanzoni. Ningeichapa ile, yule mzee angeniona mwongo, na wanaomzungusha wangechekelea.

Nikamfuata jamaa wa IT. Jibu lake: "Laini imejaa, tumwombe bosi aongeze spidi." Wakati huo huo dawati la video lilikuwa linapakua faili kubwa, na faili hilo ndilo lililokuwa limeziba njia.

Hebu tupige hesabu. Simu moja inayotumia mfumo wa G.711, ambao ni wa kawaida kabisa, inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu 10 hazifikishi hata megabiti 1! Sauti haidai barabara pana, inadai isisubirishwe. Inasafiri kwa vifurushi vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde, na mwongozo wa kimataifa wa ITU unashauri visichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Faili la video likichelewa sekunde 2, nani ataumia? Vifurushi vya sauti vikichelewa mno vinatupwa, na "ha" yako imekwenda navyo.

Dawa ipo, na mara nyingi imo ndani ya ruta ile ile mliyokwisha inunua. Unaionyesha simu ni zipi. Unaweka kikomo cha kasi ya kutuma na ya kupokea, chini kidogo ya ile unayopata kweli, ili foleni ikae kwenye ruta yako, mahali unapoweza kuipanga. Kisha unaiagiza: sauti ipite kwanza. Basi.

Mtasema kuongeza spidi ni rahisi zaidi. Sawa, inasaidia, lakini faili kubwa litaijaza hiyo nayo, na mwezi ujao tutarudi kuomba tena. Na sidanganyi mtu: kipaumbele hakitibu Wi-Fi mbovu wala matatizo ya huko nje. Kinatibu foleni ya mlangoni kwako, na foleni yetu ilikuwa hapo hapo.

Sasa kilichonimaliza kabisa. Kwenye ruta yetu kipaumbele KILIKUWEPO. Kimepewa nani? Kompyuta ya bosi! Ni yale yale ya barabarani Dar: magari yote yanasimamishwa msafara wa kigogo upite, huku ambulensi inalia nyuma. Tumezoea kupanga foleni kwa cheo badala ya kuangalia nani hawezi kusubiri.

Bosi akisubiri barua pepe yake nusu sekunde, hatajua. Yule mzee wa korosho alipoteza neno lake zima.

Ofisini kwako ni nani anapita kwanza? Nenda kaulize leo. Nawakilisha.