Turbo ni tamu, ila kabla ya kununua piga hesabu ya pili

Wadau, leo tuache kidogo habari za nani kaachana na nani, tuongee magari.

Kuna msanii mmoja hapa mjini, jina kapuni. Mwaka jana kila akiposti ni gari lake lenye turbo, usiku, barabara tupu, ekzosi inanguruma mpaka mbwa wanabweka. Siku hizi anapanda bajaji. Gari lipo nyumbani limefunikwa turubai, turbo imekufa, na fundi kamwambia injini nayo ifunguliwe. Watu wanamcheka eti kafulia. Mimi simcheki, maana nilibakiza kidogo ninunue la aina hiyo hiyo.

Nilikuwa nachagua kati ya Forester yenye turbo, cc 1,994, na Mark X isiyo na turbo, cc 2,499. Nguvu zao zinakaribiana, zote farasi mia mbili na kidogo. Ile ndogo haipitwi kwa sababu turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, halafu inasukumia hewa nyingi ndani ya silinda. Na kwenye ushuru wa bidhaa TRA wanaangalia cc: ukivuka 2,000 unatoka asilimia 5 unaingia 10. Hapo turbo inaonekana imeshinda.

Mdau wa Iringa au Mbeya nakuelewa kabisa. Huko juu hewa ni nyepesi, injini ya kawaida inapungua nguvu, ya turbo haisikii sana. Kupanda Kitonga nayo ni raha tupu.

Ila sasa kile kidude kinaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachokilinda ni oili. Ukichelewesha kubadilisha oili, ukaweka ya bei chee, au ukitoka kukimbiza gari mwendo mrefu ukalizima hapo hapo, unakiua taratibu. Na magari yetu mengi yametumika kwanza Japani. Wewe unajua aliyekutangulia alikuwa analitunzaje?

Sisemi injini kubwa haina shida. Kwenye foleni za Dar inakunywa mafuta kwelikweli. Lakini hilo unaliona kila wiki pale sheli, unaweza ukapunguza safari ukapanda mwendokasi. Turbo inakaa kimya, siku ikikudai inadai yote kwa mkupuo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama akiba yako yote inaishia kwenye kununua gari, chukua injini kubwa isiyo na turbo. Turbo ni ya mtu ambaye akishanunua bado ana pesa ya fundi pembeni.

Wenye turbo najua mtanishukia, karibuni. Ila yule ndugu yetu muacheni. Hajafulia, alipiga hesabu ya kununua akasahau ya kutunza, na wengi wetu tungefanya vile vile.